Ngome Aliyoichoma Kapteni Brossac

Mathurin Kergoat alichota jivu kwa kiganja, akalipuliza taratibu mpaka kilichobaki mkononi kikawa kipande cha madini ya risasi, bapa, kipana kama ukucha wa dole gumba.

"Hiki nini, sajini?"

Sajini Barnabé Tassé hakujisumbua kuinama. "Risasi, bwana. Ngome haikosi risasi."

"Risasi ya bunduki haina herufi." Kergoat alikisugua kile kipande kwenye suruali, akakigeuza juani. Upande mmoja ulikuwa umeyeyuka. Upande wa pili zilionekana herufi mbili, U na L, na chini yake nanga ndogo. "Huu ni muhuri. Hugongwa kwenye kamba ya mzigo wa nguo kabla haujapakiwa botini. Hapa palikuwa na chumba gani?"

"Chumba cha wagonjwa."

"Mizigo ya nguo inafuata nini chumba cha wagonjwa?"

Tassé alitazama mto. Maji ya Mississippi yalikuwa yamejaa kwa theluji iliyoyeyuka huko juu, na magogo yalikuwa yakipita kwa kasi.

Kergoat alikuwa ametumwa na mahakama ya New Orleans kupanda mto hadi nchi ya Illinois kwa ajili ya shauri moja. Katikati ya majira ya baridi, Kapteni Hilaire de Brossac, kamanda wa ngome ya mfalme ya Saint-Ambroise, aliichoma moto ngome yake mwenyewe. Hakuna adui aliyeonekana, wala bunduki iliyolia. Aliwateremsha askari wake hadi kijiji cha Prairie-aux-Ormes, akajikabidhi kwa mkuu wa wanamgambo, na tangu siku hiyo alikuwa na sentensi moja tu: amri niliitoa mimi. Juu ya hayo, kabla ya moto, aliwatukana Wakaskaskia, wenyeji wa nchi hiyo na marafiki wakubwa wa Wafaransa kando ya mto huo, na kuvunja kiko chao cha amani, alama ya urafiki huo, mbele ya wajumbe wao. Mfanyabiashara Ursin Lacombe alikuwa ameapa kwamba kapteni aliiba mablanketi yake, akawauzia haohao Wakaskaskia kwa siri, kisha akachoma ngome kufuta nyayo. Kwa kosa kama hilo afisa hupelekwa Ufaransa na pingu, na huko akipata kifungo tu atashukuru.

Hadi jana yake Kergoat alielekea kumwamini Lacombe. Katika kijiji cha Wakaskaskia alikuwa ameona sufuria mpya za shaba zikining'inia kila mlangoni.

"Zile sufuria," alimwambia Tassé sasa. "Zilitoka wapi?"

"Zawadi za mfalme. Kapteni aligawa wakati wa mavuno ya mahindi, kama kila mwaka. Waulize wenyewe."

"Nimewauliza. Nilitaka kukusikia na wewe."

Walitembea hadi ilipokuwa ghala kuu. Kergoat alichokoa jivu kwa fimbo. Shanga za kioo zilikuwa zimegandana mabonge. Visu vilikuwa vimepinda, na mipini imekwisha. Mali yote ya biashara ilikuwa hapo, imeungua. Lakini ghala la baruti, lililojengwa kwa mawe pembeni, lilikuwa zima na tupu. Mapipa yote ya baruti alikuwa ameyakuta kijijini, makavu, yamepangwa vizuri.

"Mtu mwoga akikimbia hapangi mapipa," alisema. "Na mwizi hachomi alichoiba. Tuendelee. Nyuma ya kanisa la ngome kuna nini?"

"Hakuna kitu, bwana."

Nyuma ya kanisa palikuwa na makaburi mapya, mstari mmoja, bila misalaba. Udongo ulikuwa umechanganyika na makaa, maana mwezi ule ardhi ilikuwa ngumu kama chuma na watu waliwasha moto juu yake kwanza ndipo wakaweza kuichimba. Kergoat aliingiza fimbo penye nyufa. Ilitoka na ncha nyeupe. Aliinusa.

"Chokaa. Hii humwagwa juu ya waliokufa kwa maradhi."

Tassé alivua kofia.

"Sajini, jana nimewaona askari waliobaki na kapteni hadi mwisho. Wale wengine aliwapeleka kijijini mapema, kabla ya sikukuu ya Mwaka Mpya, akawakataza kurudi. Nilijiuliza aliwachaguaje. Hukuchaguliwa kwa ushujaa wewe, samahani kukwambia."

"Nimeshaambiwa mabaya zaidi ya hayo."

"Nyote mliobaki mna makovu usoni. Vishimo vidogo, vya zamani. Kama hivi." Kergoat aligusa shavu lake. "Mimi yalinipata utotoni, kule Brest. Aliyeugua ndui mara moja haimrudii tena. Kapteni alibakiza watu ambao ndui haiwezi kuwaua."

"Tuliapa, bwana. Mbele ya msalaba. Siwezi kusema."

"Basi usiseme. Mimi nitasema, na nikikosea utikise kichwa. Ndui iliingia ngomeni kwa boti ya Lacombe. Iliingia na mablanketi. Kapteni alifunga lango, akazika waliokufa, akachoma mablanketi, na mwisho akachoma na ngome yenyewe."

Upepo ulipeperusha jivu likapita katikati yao. Tassé alisimama na kofia mkononi, kichwa kimetulia tuli.

Lacombe alikuwa mezani, nyumbani kwake kijijini, Kergoat alipobisha. Mkate wa ngano, paja la nguruwe la kukaushwa, bakuli la mafuta ya dubu la kuchovyea. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na sauti yake ilijaza chumba.

"Karibu, bwana sheria! Vuta kigoda. Umekonda kwa mto huu, hawatakutambua huko New Orleans."

"Nimeshakula, asante. Nina maswali machache, kisha nakuacha na nguruwe wako."

"Uliza. Mimi sina cha kuficha. Yule aliyefungiwa nyuma ya kanisa la hapa kijijini ndiye mwenye vya kuficha."

"Mablanketi yako. Kapteni aliwauzia Wakaskaskia?"

"Yote. Hata moja hakuniachia."

"Uliyaona kwao?"

"Niende kwao nikafanye nini? Tangu yule mwendawazimu avunje kiko chao, mzungu akionekana kule anazomewa. Lakini yako kule. Unadhani wamevaa nini baridi yote?"

"Ngozi za nyati, kama kila mwaka." Kergoat alitoa mfuko, akaumimina mezani. Mihuri ya risasi ilitawanyika kando ya mkate, mingine imeyeyuka, mingine ikisomeka vizuri. "Alama hii ni ya nani?"

Lacombe alitafuna, akameza. "Yangu."

"Nimeiokota yote penye jivu la chumba cha wagonjwa. Mablanketi yako hayakuuzwa, bwana Lacombe. Yalichomwa, na kamba zake, hata mizigo mingine haijafunguliwa."

"Basi ni mbaya zaidi. Ameniharibia mali."

"Huenda. Sasa tuje kwenye boti yako. Ulipopanda mto ulikuwa na mpiga kasia anaitwa Jolivet. Kuteremka hukuwa naye."

"Jolivet, maskini. Alishikwa na homa njiani."

"Homa gani?"

"Homa ni homa. Mimi si tabibu."

"Ukamfanyaje? Wenye boti wengine humtupa mgonjwa ufukweni wakaendelea na safari."

Lacombe alikunja uso, ameumia. "Mimi si mtu wa hivyo, muulize yeyote. Nilimhudumia kama mwanangu. Nilimlaza juu ya mizigo yangu mwenyewe, nikamfunika, apate joto. Njia nzima alilala pale."

"Juu ya mizigo gani?"

Mkono wa Lacombe ulisimama juu ya bakuli. Kilichomtoka mdomoni kilikuwa kimeshatoka.

"Juu ya mablanketi," Kergoat alijibu kwa niaba yake. "Na ulipofika, vipele vikiwa vimeshamtoka, ulitaka lango lifunguliwe na biashara ianze, kwa sababu Wakaskaskia walikuwa wanakuja kwa sikukuu. Kapteni akakataa, akayafungia mablanketi na mgonjwa wako chumba cha wagonjwa. Ulijua, bwana Lacombe?"

"Nilidhani ni tetekuwanga."

"Ulidhani, au ulitumaini?"

Mfanyabiashara aliusogeza mkate pembeni. Uchangamfu ulikuwa umemtoka. "Nina watu wanaonidai huko chini. Ningerudi vipi na boti imejaa?"

"Utanieleza vizuri njiani. Usitoke kijijini. Sajini Tassé amesimama mlangoni, na ana hamu kubwa utoke."

Chumba cha nyuma ya kanisa la kijiji kilikuwa kidogo, kisafi, na dirisha lake lilitazama mashamba ya ngano. Kapteni de Brossac alikuwa ameketi akishona kiatu cha ngozi ya paa. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Naye alikuwa na makovu ya ndui, ya zamani, yamefifia kwa jua.

"Andika kama jana," alisema bila kuinua macho. "Amri niliitoa mimi."

"Leo sikuja na kalamu." Kergoat aliketi sakafuni, mgongo ukutani. "Ulifika nchi hii ukiwa kijana hata ndevu huna, kadeti. Ukakaa miaka kwenye Maziwa Makuu ya kaskazini. Ukatekwa na Wairoki, maadui zetu wa kule, wakakukata vidole viwili, ukatoroka. Ukajifunza lugha za huku mpaka magavana wakawa wanakuazima kama shoka la jirani. Waliokuja nyuma yako, wenye wajomba pale ikulu, wamekuwa makanali. Wewe umeitwa kapteni uzeeni. Na mwaka huu, kila mtu New Orleans anasema, ulikuwa upewe nishani, Msalaba wa Mtakatifu Louis."

"Umejifunza maisha yangu vizuri. Mengine nilikuwa nimeyasahau."

"Mtu aliyefika hapo hachomi ngome ya mfalme kwa kichaa. Nimeyaona makaburi, kapteni. Nimeiona chokaa. Lacombe amekiri kuhusu Jolivet."

Sindano ilisimama.

"Tassé amesema?"

"Tassé hajafungua mdomo. Ana kichwa kizito sana kutikisika, basi."

Kapteni aliweka kiatu chini. Alisema polepole, kama mtu anayetua mzigo kwa uangalifu usivunjike. "Wakaskaskia walikuwa wanakuja, ukoo mzima, na watoto. Wangeambiwa kuna ugonjwa ndani, wangekuja haraka zaidi. Kwao mgonjwa haachwi peke yake; ndugu wanajaa nyumbani, wanamshika, wanamlisha. Ndui ikiingia katika nyumba kama hiyo, Kergoat, haibakizi wa kuzika. Niliiona kule kaskazini. Kijiji kizima, wakabaki mbwa tu."

"Ukawatukana ili wasije."

"Nilipanda juu ya lango nikawatukana kwa lugha yao wenyewe. Nilivunja kiko. Sikupata njia nyingine ya kuwafanya wageuze nyuma siku ileile."

"Na baadaye? Theluji imeyeyuka. Ungesema."

"Niseme kwamba boti ya Mfaransa iliwaletea kifo hadi mlangoni? Vijana wao wangeshuka kuchoma kijiji hiki. Waingereza wako milimani wanasubiri neno kama hilo. Acha wamchukie Brossac. Brossac anapelekwa Ufaransa, anakuja kapteni mwingine na kiko kipya, urafiki unaendelea." Aliokota kiatu tena. "Nakuomba, mtu kwa mtu. Usiandike ndui."

"Nina swali moja la mwisho. Mkeo."

Kapteni alivuta uzi mpaka ukakatika. "Nilimpeleka New Orleans, kwa watawa. Ndugu zake nimewaambia hivyohivyo. Nimewaambia nimemchoka."

"Nilimhitaji kama shahidi, na habari hiyo ilikuwa imeshafika mjini, kwa hiyo kabla ya kupanda mto nilipita kwa watawa. Hawamjui, kapteni."

Mtu yule aliyekatwa vidole akiwa hai alijaribu kutia uzi kwenye tundu la sindano. Alijaribu mara kadhaa, kisha akaacha mikono ilale mapajani.

Kergoat alisimama, akafungua mlango.

Nje, chini ya kivuli cha ukuta, alikuwa amekaa mwanamke mwenye umri wa kati aliyejifunga shuka la bluu, nywele zimesukwa msuko mmoja mgongoni. Wanakijiji walimwita Mama Apolline. Alikuwa dada mkubwa wa mke wa kapteni, na dada wa chifu wa Wakaskaskia. Kila siku alikuja kukaa pale, na kila siku mlinzi alimwambia mfungwa haonani na mtu.

"Mama Apolline, unataka kumwambia nini?"

"Sitaki kumwambia. Nataka aniambie."

"Ingia."

Aliingia, akasimama mbele ya kapteni, akamtazama kuanzia nywele hadi miguuni. Kapteni alijiinua.

"Umezeeka, shemeji," alisema Apolline kwa Kifaransa chake cha kijijini. "Na bado hujui kushona."

"Shemeji, nenda nyumbani. Niliyoyasema pale langoni niliyasema."

"Uliyasema vibaya. Ulimwita kaka yangu mbwa, lakini ulitumia neno la mbwa mdogo, mtoto. Vijana walicheka njia nzima ya kurudi, pamoja na hasira zao."

Kapteni aliweka sindano dirishani.

"Tulikasirika, usifikiri hatukukasirika," aliendelea. "Kaka alitaka vita. Halafu tukaona moshi. Moshi wa sufu, siku nyingi. Unanuka hadi ng'ambo. Nikamwambia kaka, nani anachoma mablanketi katikati ya baridi? Mama yetu alituhadithia jinsi ndui ilivyopita enzi zake, na jinsi walionusurika walivyochoma kila kitu. Kaka akatuma watu kutazama kutoka mbali. Wakaona mnachimba."

"Mlijua," alisema kapteni.

"Tangu kabla ya miti ya maple kutoa utomvu, baridi ilipokuwa inaisha. Kaka anasema alikuwa anasubiri useme mwenyewe, kama mtu mzima. Mimi nikamwambia huyu hatasema, namjua, atakufa na meno yamekazwa. Kiko kimetengenezwa. Yuko tayari kuteremka New Orleans awaambie wakubwa wenu kwamba watoto wake wako hai." Alisogea hatua moja. "Hayo yote tunayajua. Tusilolijua ni moja. Dada yangu yuko wapi?"

Kergoat alitazama dirishani.

"Alimwosha Jolivet," alisema kapteni. "Sikujua mapema. Alimwona amelala botini, akampa uji, akamwosha uso. Hakungoja kuambiwa."

"Hajawahi kungoja kuambiwa."

"Alipoanza kuugua ndipo nilipopanda langoni. Alinisikia nikiwatukana. Nilipomrudia akaniuliza, wameondoka? Nikamwambia wameondoka. Akasema, vizuri."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Apolline, lakini hakuyafuta na sauti yake haikubadilika. "Kwa nini hukuniita mimi? Mimi peke yangu?"

"Ungekuja?"

"Ningekuja."

"Ungelala naye?"

"Ningemshika mpaka mwisho."

"Kisha ungerudi kwa wanao."

Apolline alishika shuka lake kwa mikono miwili.

"Yeye ndiye aliyesema nisikuite, shemeji. Nilikuwa nimeshashika kofia nije kukutafuta."

Hapo mwanamke alikaa chini, pale pale kwenye mbao, akainamisha kichwa. Kapteni alibaki amesimama, hajui aweke wapi mikono yake.

Kergoat alikohoa. "Sheria inaniruhusu," alisema, "kumpeleka mshtakiwa mahali pa tukio, anionyeshe mwenyewe mambo yalivyokuwa. Sijafanya hivyo bado, na bila hivyo uchunguzi wangu haujakamilika. Tunaweza kwenda sasa, jua bado lipo. Shahidi akipenda kufuatana nasi, simzuii."

"Pingu?" aliuliza kapteni.

"Nimeziacha botini."

Walipanda njia ya mto wakiwa watatu, wamefuatana. Walipopita nyumba ya Lacombe, Tassé aliyekuwa mlangoni alimwona kapteni wake akitembea huru, akasimama wima kwa heshima. Kapteni alimwitikia kwa kichwa.

"Nitaandika ndui," Kergoat alimwambia walipofika kwenye magofu. "Na jina la aliyeileta. Na kwamba chifu atasema mwenyewe mbele ya gavana. Siwezi kukuahidi msalaba wako. Wale watu watauliza kwanza bei ya ngome. Lakini pingu hutazivaa."

"Andika," alisema kapteni. Hakuwa anamsikiliza sana.

Alizunguka kanisa lililobaki boriti tu. Makaburi yalikuwa yanafanana, udongo mweusi na majani machanga yameanza kuchomoza. Hakuhesabu wala hakusita. Alikwenda moja kwa moja hadi la mwisho, lililo karibu zaidi na mto, akapiga magoti kando yake.

"Hapa," alisema. "Alitaka asikie maji."

Apolline aliufungua msuko wake, nywele zikamwagika mabegani. Alikaa upande wa pili wa kaburi, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo. Kwao msiba hauliliwi na mtu mmoja, na huu ulikuwa umekaa baridi nzima bila kuliliwa.

"Kaa vizuri, shemeji," alimwambia. "Anza wewe. Wewe ndiye mfiwa."

Kapteni de Brossac hakujua aanzie wapi. Alitaja jina la mkewe, mara moja, kwa lugha ya mkewe. Apolline akalipokea, akaanza kulia kwa sauti, na baada ya kitambo sauti ya pili ikaungana na yake.

Kergoat alivua kofia, akarudi hadi ukingoni mwa mto, akawasubiri huko.